Paipu za breki zimeliwa na kutu: uweke chuma, stenlesi au kopa-nikeli? Na chini ya gari upake nini

Ukiingia chini ya gari na tochi ukakuta paipu ya breki imevimbavimba, ukipitisha kucha inabanduka magamba ya kahawia, basi hapo habari ya "bado itaenda" imeisha, maana ukuta wa hiyo paipu ni kama milimita 0.7 tu na ukikanyaga breki ya ghafla presha ndani inaweza kupita bar 100. Kutu haina haja ya kula sana, ikichimba kishimo kimoja tu kwenye kona moja inatosha. Na huwa inachimba pale usipopaona: ndani ya klipu zinazoshika paipu, juu ya tanki la fueli, nyuma ya kava za plastiki, na ile kona ya kupandia juu ya ekseli ya nyuma, kwa sababu hapo tope na chumvi (ya bahari, au ile inayomwagwa barabarani kwenye nchi za barafu) vinakaa na havikauki.

Sasa swali ni ubadilishe na nini, ubadilishe kiasi gani, na ufanye nini isirudi. Nasema mapema ninapoegemea ili ujue nasukumia wapi: kwa mtu wa kawaida mwenye vifaa vya kawaida, kopa-nikeli (mchanganyiko wa shaba na nikeli) ndo inashinda kwenye paipu za breki, na chini ya gari ambayo tayari ina kutu, kitu laini cha kurudia kila mwaka kinashinda lile koti gumu nene. Sababu ya yote mawili ni moja, nataka kitu ambacho unaweza kukifanya vizuri na baadae ukaweza kukiona hali yake. Kinachoficha kutu mi sikitaki chini ya gari.

Kuunga kipande au kutoa paipu nzima

Kuunga kuna mvuto, ni haraka, unakata pabovu unaweka kipande unaondoka. Na kama paipu imeharibika kwa kugongwa na jiwe au kusuguliwa na kitu sehemu moja, na kwingine kote inang'aa, kuunga ni sawa kabisa, ilimradi kila upande uwe na fleya (mdomo wa paipu uliopanuliwa) na nati zake. Zile viunganishi vya kubana kwa pete, wanavyotumia mafundi bomba wa maji, kwenye breki HAPANA, hata kama umeambiwa zimekaa, hazikutengenezwa kwa presha hiyo na paipu inaweza kuchomoka siku unayoihitaji.

Lakini kama ni kutu ya kuenea, kuunga ni kujidanganya. Paipu zote za gari hiyo zimeishi maisha yaleyale, tope lilelile chumvi ileile, ukitengeneza ya nyuma kushoto leo ya nyuma kulia iko njiani, na mara nyingi ukiishika tu kuipiga fleya inakatikia mkononi kwa sababu chuma kilichobaki hakina nguvu. Kule Marekani shirika la usalama wa barabarani, NHTSA, lilichunguza sana paipu za breki zilizooza kwenye magari makubwa ya pikapu, na lilipofunga uchunguzi mwaka 2015 liliwaambia wenye magari ya mwaka 2007 kurudi nyuma, hasa wa maeneo yanayomwagwa chumvi barabarani, wakague hizo paipu, na zikionekana zimeliwa vibaya zibadilishwe zote kwa pamoja, sio ile iliyotoboka peke yake. Nakubaliana nao kabisa. Kazi kubwa ni kupandisha gari, kufungua nati na kutoa upepo (hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki), ukishafika hapo paipu ya pili haikuongezei mateso mengi.

Chuma, stenlesi, kopa-nikeli

Chuma cha kawaida, kile chenye koti la zinki au plastiki, ndicho kilichotoka na gari nyingi. Uzuri wake ni mgumu, hakiyumbi kwenye klipu, kinapatikana kirahisi, na lile koti la plastiki likiwa zima kinakaa miaka mingi. Ubaya wake ndo uleule uliokuleta hapa. Koti likikwaruzwa sehemu moja, na wewe mwenyewe utalikwaruza wakati wa kukunja au kwenye kishikio cha kupigia fleya, maji yanaingia chini yake na kutu inatembea chini kwa chini huku juu paipu inaonekana safi. Kukunja kunahitaji kifaa, ukilazimisha kwa mkono inabonyea na ikishabonyea tupa. Kama gari unaitoa karibuni au unaishi sehemu kavu isiyo na chumvi wala bahari, chuma chenye koti ni jibu halali, sitakukatalia.

Stenlesi kila mtu anaipenda kwa jina lake. Haishiki kutu ya kahawia kama chuma, inapendeza, na kwenye gari unayotaka ukae nayo milele inaeleweka kwa nini unaitamani. Shida inaanza kwenye kupiga fleya, ni ngumu sana, vile vifaa vya mkono vya bei ya chini vinateleza au vinatoa fleya iliyopinda, na fleya ya kukunjwa mara mbili kwenye stenlesi inapasuka kirahisi. Alafu hata ukiipata vizuri, ugumu wake unafanya isilale vizuri kwenye kiti chake (pale mdomo wa paipu unapokaa), kwa hiyo unakaza, inavuja, unalegeza, unakaza tena, na ukizidisha unaharibu kiti cha kalipa (kinachobana pedi kwenye gurudumu) au cha masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli) ambacho ndo gharama halisi. Na sio kweli kwamba haiguswi na chumvi, chumvi ikikaa chini ya klipu bila kupata hewa stenlesi ya kawaida nayo inachimbwa vishimo. Mi naikubali kwa namna moja tu, ukinunua seti iliyokunjwa na kupigwa fleya tayari na mtengenezaji kwa gari yako hasa. Kununua roli ya stenlesi ukajitengenezee mwenyewe chini ya gari, hapana jamani, usijitese.

Kopa-nikeli ni mchanganyiko wa kama asilimia 90 shaba na asilimia 10 nikeli, na chuma kidogo ndani yake. Mchanganyiko huu huu unatumika kwenye mabomba ya maji ya bahari melini, kwa hiyo chumvi sio mgeni kwake, na Volvo wamekuwa wakiuweka kwenye paipu za breki toka miaka ya 1970, sio kitu cha majaribio. Unaikunja kwa vidole, inakubali fleya kwa kifaa cha kawaida, na kwa sababu ni laini kiasi fleya inajipa shepu ya kiti ikifungwa, ndo maana inavuja mara chache. Presha inabeba bila shida. Udhaifu wake uko wazi na ni mwepisi kuudhibiti: kwa ulaini huohuo inasuguliwa ikigusa kitu kinachotikisika, kwa hiyo irudishe klipu ZOTE, usiache mbili tatu eti inashikika, na usikaze nati kwa hasira maana unaweza kuikamua fleya ikawa nyembamba.

Angalizo kubwa hapa. Kopa-nikeli na kopa tupu kwa macho zinakaribiana rangi ila sio kitu kimoja. Kopa tupu, ile ya friji na gesi, inazidi kuwa ngumu kadri inavyotikisika na mwisho inapasuka kwa uchovu, na nchi nyingine sheria au wakaguzi hawaipokei kabisa kwenye breki. Soma kilichoandikwa kwenye roli, kama hakuna maandishi yoyote yanayosema ni ya breki iache dukani.

Roli au zilizokunjwa tayari: za tayari zinaokoa muda pale tu paipu inapofikika. Paipu ya chuma au stenlesi iliyokunjwa kiwandani iliwekwa kabla bodi haijakaa juu ya chasisi, leo kuipitisha juu ya tanki na injini ikiwa mahali pake ni vita. Roli ya kopa-nikeli unaipenyeza kama kamba, na hiyo kwangu ni sababu nyingine ya kuichagua. Ile paipu ya zamani usiitupe mpaka umalize, itumie kupimia urefu na kona.

Fleya na nati

Hapa watu wanakosea wakiwa na vifaa vyote vizuri. Kuna fleya ya mara mbili, yenye mdomo uliokunjwa kwenda ndani, na kuna ya kibofu ambayo inaonekana kama kitunguu kidogo. Haziingiliani. Angalia iliyotoka kwenye gari yako, angalia na tundu inapoingia, piga ileile. Saizi ya paipu kwenye gari ndogo nyingi ni 4.75 mm (wengine wanaiita 3/16), nati nyingi ni M10x1 lakini sio zote, na kuna nyuzi mbili zinazokaribiana kiasi kwamba ile sio yake inaanza kuingia mizunguko miwili ndo inagoma. Ingiza kwa vidole kwanza siku zote. Na nati iingize kwenye paipu KABLA hujapiga fleya, imeangalia upande wake.

Kukata tumia kikatio cha kuzungusha, sio msumeno, msumeno unaacha vumbi la chuma linaloenda kukaa kwenye ABS (kifaa kinachozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki). Safisha ndani ya mdomo, puliza, ndo upige.

Kuhusu nati zilizoshika kutu, kabla hujagusa paipu yoyote jaribu kwanza skrubu za kutolea upepo kwenye kalipa na silinda za magurudumu. Zikikatika hizo, kazi imebadilika, itabidi upange na kalipa kabisa, na ni bora ujue gari ikiwa bado inatembea. Nati ya paipu ambayo kona zake zimeliwa na spana inateleza, kata paipu ya zamani karibu na nati alafu vaa soketi ya pande sita, inatoka mara nyingi. Na wakati paipu ziko wazi bonyeza pedeli kidogo tu uizuie na fimbo ikae hapo, tundu za masta silinda zinajifunga na mafuta hayamwagiki yote, hiyo inakuepusha upepo kuingia kwenye masta na ABS, maana ABS za gari nyingine ukiiingiza upepo hautoki mpaka uwe na kompyuta ya kuifungulia vali.

Paipu za fueli, gia na stiaringi sio hadithi moja

Fueli ya gari ya injekta ya kawaida inatembea kwenye presha ya bar 3 hadi 4 hivi, ni ndogo sana ukilinganisha na breki, kwa hiyo machaguo yanaongezeka: kopa-nikeli ya saizi kubwa, nailoni, au hosi ya mpira kwenye vipande vifupi. Nailoni haishiki kutu hata siku moja na magari mengi mapya yanatoka nayo, ila inataka viunganishi vyake maalum na ikae mbali na ekzosi. Hosi ya mpira ni rahisi kuliko zote na ndo inayotumika vibaya kuliko zote. Iwe hosi ya injekta, ile iliyoandikwa SAE J30R9, sio ya kabureta, ifungwe na klampu laini za injekta zisizo na matundu maana zile za skrubu zenye matundu (za minyoo) zinakata mpira, na paipu unayoivalisha iwe na uvimbe mdomoni, paipu iliyokatwa tu ikawa laini hosi inachomoka. Kuweka hosi kutoka tanki mpaka injini mwanzo mwisho mi siungi mkono, ikae vipande vifupi tu.

Kwa injini zinazopulizia petroli moja kwa moja kwenye silinda, na dizeli za komon reli (bomba moja la presha linalogawia injekta zote), kile kipande cha presha kubwa kati ya pampu na injekta usikitengeneze kabisa, nunua cha kampuni iliyotengeneza gari, hapo ni mamia ya bar na kwa dizeli inapita 1,000. Ila paipu za fueli zinazopita chini ya gari zenyewe ni za presha ndogo. Betri itolewe waya kabla, injini iwe imepoa, na taa unayotumia isiwe ya kuwaka joto.

Paipu za kupoza mafuta ya gia otomatiki unaweza kuweka kopa-nikeli au hosi yenye viwango vya mafuta ya moto, usichelewe tu kwa sababu zikitoboka gia inakauka na gharama yake unaijua. Stiaringi upande wa presha nunua hosi nzima iliyotengenezwa tayari.

Chini ya gari: lami, rangi, nta au oili

Lile koti nene jeusi la lami na mpira ndo maarufu kuliko yote, na kwenye gari mpya kabisa isiyo na kutu, iliyo safi na kavu, linafanya kazi nzuri ya kuzuia mawe na kupunguza kelele. Tatizo ni kwamba linakauka, linapasuka pembeni, maji yenye chumvi yanaingia kati ya koti na chuma yanakaa humo, na wewe kwa juu unaona weusi mzuri. Ukilipaka juu ya kutu iliyokwepo ndo umeifungia ndani na unyevu wake. Ukiwa unanunua gari ya zamani ukakuta chini ni jeusi jipya linang'aa, chukua bisibisi gonga gonga kabla hujatoa hela.

Rangi ya epoksi ni bora kuliko zote kwa kudumu, ila inataka chuma kilichopigwa mchanga mpaka kikawa cheupe. Ukiwa umeshusha bodi unarudisha chasisi upya, chagua hii bila kufikiri mara mbili. Ukiwa umelala chini na brashi ya waya, huwezi kuifikisha hali hiyo, itabanduka. Dawa za kugeuza kutu, zile za asidi ya taniki au fosforiki, zinasaidia katikati: zinaigeuza kutu nyembamba iliyoshika kuwa tabaka tulivu unaloweza kupaka juu yake. Kwenye magamba hazifanyi kitu, kwangua kwanza. Na kwenye paipu ya breki usipake ukadhani umetibu, unene wa ukuta ulioliwa haurudi.

Nta na oili ndo upande wangu. Nta laini inakaa kati ya mwaka na miwili kutegemea unavyotembea, haidondoki sana, na inafaa sana kupuliziwa ndani ya maboksi ya chasisi na sehemu za chini za milango ambako brashi haifiki. Oili na lanolini (mafuta yanayotoka kwenye manyoya ya kondoo) zinatambaa zenyewe mpaka ndani ya maungio na chini ya kutu iliyopo, zinasukuma unyevu, hazikauki wala kupasuka, na zinakuacha uone kila kitu ukipiga tochi. Zinaoshwa na maji taratibu, hasa sehemu zinazopigwa na matairi, kwa hiyo kila mwaka unarudia, na siku mbili tatu za mwanzo zinadondoka na kunuka. Mi naona huo usumbufu una faida yake, unakulazimisha kuingia chini kila mwaka, na humo ndo unaona paipu inayoanza kabla haijatoboka.

Pa kuchunga: usipulizie diski, pedi, ekzosi wala sensa zake, na oili zinazotokana na petroliamu zinavimbisha baadhi ya mipira kwa hiyo hosi za breki na bushi zifunike au pita mbali. Matundu ya kutolea maji kwenye bodi yaache wazi. Kwenye nati za paipu mpya na klipu zake paka kwa wingi, hapo ndo kutu huanzia.

Vile vidude vya umeme vinavyosemekana kuzuia kutu ya gari nzima kwa kufunga kwenye betri, acha. Teknolojia hiyo kwenye meli inafanya kazi kwa sababu meli imezama majini, maji ndo yanabeba mkondo kufika kila sehemu. Gari haijazama.

Kuosha chini kunalinganishwaje na kupaka? Havishindani, ila kama unaweza kimoja tu mwaka huu na unaishi kwenye chumvi, osha. Chumvi za kalsiamu na magnesiamu wanazomwaga kwenye barafu zinavuta unyevu hewani kwa hiyo zinabaki mbichi hata kukiwa kukavu, na baridi inazisaidia kulala, zikipata gereji yenye joto ndo zinakula kwa kasi. Presha ya maji ielekeze juu ya tanki, ndani ya matao ya magurudumu na kwenye klipu. Wa pwani wanaopitisha gari kwenye mchanga wa bahari, hivohivo, siku ileile.

Na ndani ya paipu nako kuna kutu

Hii haipati maneno mengi ila isisahaulike. Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3 na DOT 4 yananyonya maji taratibu, maji yanashusha joto la kuchemka (DOT 4 mpya kuanzia nyuzi 230, ikishakuwa na maji asilimia 3.7 kiwango cha chini ni 155) na yanaanza kula chuma kutokea ndani, kwenye kalipa hasa. Badilisha kila miaka 2. Umeshafungua paipu zote basi usirudishe yale ya zamani. Yakimwagikia rangi au nta uliyopaka yanaitoa, kwa hiyo mpangilio ni paipu kwanza, kutoa upepo, kuosha kwa maji, kukausha vizuri, ndo kupaka.

Kabla hujapaka lakini, washa injini gari ikiwa imesimama kwenye stendi imara (sio jeki peke yake, nakuomba), mtu akanyage breki kwa nguvu zake zote ashikilie dakika nzima, pedeli isizame, na wewe pitisha karatasi kavu ya tishu kwenye kila nati moja moja. Tishu ikitoka na doa hata dogo, legeza nusu mzunguko, kaza tena taratibu, rudia. Ikiendelea, kata, piga fleya nyingine. Endesha polepole mahali peupe, kisha baada ya siku chache rudi chini na tishu tena ndo upake sasa.